Ardhi ya Boonesborough ilitoka kwa nani?

Swali: Mwalimu, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, sasa tunaishi Lexington, Kentucky. Shule ilimpeleka binti yangu kuona ngome ya Boonesborough, akarudi na karatasi inayosema Daniel Boone aliingia msituni mwaka 1775 na wanaume thelathini, akajenga ngome, na Kentucky ikaanzia hapo. Binti ananiuliza: ardhi ile walipewa na nani? Na watu weusi walikuwepo? Naongeza la kwangu: kama palikuwa mahali pakubwa kiasi hicho, mji wenyewe uko wapi leo?

Jibu: Salamu zimefika, mama. Karatasi ya shule haikudanganya, ila imeanza hadithi katikati. Boone alikuwa mtu wa kuajiriwa, kazi yake kufyeka njia. Mwenye shughuli aliitwa Richard Henderson, na ukitaka kujua ardhi ilitoka wapi ni lazima uanze na yeye.

Henderson alikuwa hakimu katika koloni la North Carolina. Hakuwa kipenzi cha watu. Mwaka 1770 wakulima waliochoshwa na kodi na ada za mahakama walivamia mahakama yake pale Hillsborough, naye akatoroka. Baadaye nyumba yake na ghala vikachomwa moto. Uhakimu wake ulipokwisha mwaka 1773 akaelekeza akili yake yote kwenye biashara ya ardhi. Akaunda kampuni na wenzake, jumla wabia tisa, na kufikia Januari 1775 ilikuwa inaitwa Transylvania Company. Mpango ulikuwa huu: wanunue nchi nzima kutoka kwa Wacherokee, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili, waikate vipande na kuwauzia walowezi, kisha wabia wabaki kuwa wenye nchi, wakitoza kodi ya ardhi kila mwaka, daima dumu.

Kisheria mpango huo ulikuwa umeoza tangu siku ya kwanza. Mwaka 1763 Mfalme George wa Tatu alitoa tangazo lililowazuia walowezi kukaa magharibi ya milima ya Appalachia, na likamkataza mtu binafsi au kampuni kununua ardhi kwa wenyeji. Mnunuzi halali alikuwa Serikali ya mfalme peke yake. Hakimu asingeweza kusema hakujua. Lakini miaka ile wafanyabiashara wa ardhi walikuwa wakipeana nakala ya maoni ya wanasheria wawili wakubwa wa Uingereza, yanayosema kwamba mtu akinunua ardhi kwa watawala wenyeji haihitaji kibali cha mfalme. Maoni hayo yalikuwa yameandikwa mwaka 1757 kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara India, kuhusu watawala wa India. Mtu fulani aliyafuta maneno yanayoitaja India, na karatasi ikaanza safari mpya Marekani.

Gavana wa North Carolina alipopata habari aliiita kampuni genge la maharamia wa ardhi. Gavana wa Virginia, Lord Dunmore, naye akatoa tangazo lake dhidi ya Henderson mwezi Machi 1775. Henderson hakusimama.

Machi hiyohiyo alikutana na Wacherokee zaidi ya elfu moja kwenye Mto Watauga, mahali panapoitwa Sycamore Shoals, leo ni mji wa Elizabethton, Tennessee. Bidhaa zilikuwa zimeletwa kwa magari ya kukokotwa na kuwekwa mahali ambapo kila mtu aliziona: vitambaa, mashati, bunduki, baruti. Mazungumzo yalichukua siku kadhaa. Tarehe 17 Machi wazee watatu, Attakullakulla, Oconostota na Savanukah, wakaweka alama zao kwenye hati. Ekari kama milioni 20, kati ya Mto Kentucky na Mto Cumberland, ziliuzwa kwa mali iliyokadiriwa kuwa ya pauni 10,000.

Bei hiyo ukiigawa kwa watu waliokuwepo unapata kichekesho cha uchungu. Katika ushahidi uliotolewa baadaye kwenye kesi ya ardhi hii, anatajwa Mcherokee aliyepata shati moja kama fungu lake. Alilalamika kwamba katika nchi ile waliyoiuza angeweza kuwinda kulungu wa kutosha kununua shati kama hilo ndani ya siku moja.

Wapo walioona mapema. Mtoto wa Attakullakulla mwenyewe, Dragging Canoe, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa vita, alimpinga baba yake mbele ya watu na kuondoka mkutanoni kwa hasira. Akawaonya wanunuzi kwamba nchi wanayoichukua watapata taabu kuikalia. Miaka karibu ishirini iliyofuata alipigana kuhakikisha onyo lake linatimia.

Sasa swali la binti linakuwa gumu zaidi: je, Wacherokee walikuwa na haki ya kuuza? Kaskazini ya Mto Ohio walikaa Washawnee, ambao waliitumia Kentucky kama uwanja wao wa kuwinda. Mwaka 1768, katika mkataba wa Fort Stanwix, Wairoquois wa huko New York waliiuza nchi hiyohiyo kwa Waingereza. Mwaka 1775 Wacherokee wakamuuzia Henderson. Mara zote mbili Washawnee hawakuulizwa. Walichoulizwa kilikuja kwa mtutu: mwaka 1774 Dunmore aliwapiga vita, na baada ya mapigano ya Point Pleasant mkuu wao Cornstalk akakubali wasivuke tena Ohio kwenda kuwinda. Wengi wa watu wake hawakuyatambua makubaliano hayo.

Hapo ndipo lile neno «msituni» kwenye karatasi ya shule linaponikera. Palikuwa na mji wa Washawnee ulioitwa Eskippakithiki, katika wilaya ambayo leo inaitwa Clark, jirani kabisa na hapo Boonesborough. Ulikuwa na mashamba ya mahindi na wafanyabiashara wa ngozi walifika, hadi watu wake walipouhama miaka ya 1750. Mmoja wa wachuuzi waliofika huko aliitwa John Finley, na ndiye aliyemsimulia Boone habari za Kentucky, kisha mwaka 1769 akamwongoza kuvuka milima. Kwa hiyo Boone aliijua nchi ile kupitia mtu aliyeijua kwa sababu palikuwa na mji. Na mwaka huohuo Washawnee walimkamata Boone na shemeji yake wakiwa na shehena ya ngozi. Kiongozi wao, aliyejulikana kwa Waingereza kama Captain Will, aliwanyang'anya ngozi, akawaachia wakiwa hai na akawaambia waende kwao wasirudi: wanyama wote wa hapa ni mali yetu, mkija tena manyigu watawauma.

Alirudi. Oktoba 1773 alijaribu kuhamisha familia yake na majirani, wakashambuliwa njiani kabla ya kuvuka mlima. Mwanawe James, kijana wa miaka 16, aliteswa hadi kufa. Katika kundi hilo dogo la James walikuwemo watumwa wawili, Charles na Adam. Charles aliuawa. Adam alijificha kwenye magogo yaliyokwama kijitoni akaona yote, na simulizi ya kilichotokea usiku ule tumeipata kwake. Umeona, mama: kabla hata ya mwaka 1775 unaotajwa shuleni, mtu mweusi tayari ni shahidi mkuu wa hadithi hii.

Henderson alipomwajiri, Boone aliondoka na wafyekaji wake takriban tarehe 10 Machi 1775, yaani wiki nzima kabla hati ya Sycamore Shoals haijawekwa alama. Shoka lilitangulia hata ile karatasi mbovu. Njia waliyoifungua, maarufu kama Wilderness Road, ilipita kwenye pengo la mlima la Cumberland Gap na kwa sehemu kubwa ilifuata mapito yaliyokuwepo: njia za wapiganaji wa kienyeji na za nyati wa Marekani. Kazi yao ilikuwa kukata matete, kuondoa miti iliyoanguka na kutia alama kwenye magome. Binti wa Boone, Susannah, aliyekuwa ameolewa karibuni, alikuwemo kama mpishi, pamoja na mwanamke mtumwa ambaye jina lake halikuandikwa. Ukisoma «wanaume thelathini», jua kwamba chakula cha wanaume hao kilipikwa na wanawake wawili.

Alfajiri ya tarehe 25 Machi kambi ilipigwa risasi watu wakiwa wamelala. Captain William Twitty alijeruhiwa vibaya, akafa baadaye. Mtumwa wake, Sam, alianguka papo hapo. Katika barua aliyomwandikia Henderson tarehe 1 Aprili, Boone anamtaja Twitty kwa jina na Sam kama mtu mweusi wa Twitty, basi. Barua hiyo inaomba watu waletwe haraka: tukiwapisha sasa, anasema, itakuwa hivyo siku zote. Siku hiyo waliondoka kwenda kwenye kingo za Mto Kentucky, karibu na mdomo wa kijito cha Otter Creek.

Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ya chumvi. Palikuwa na chemchemi ambapo wanyama walikuja kulamba udongo, na kundi la Boone lilipotokeza lilikuta nyati mamia wakiondoka polepole, ndama wakirukaruka. Henderson alifika tarehe 20 Aprili, siku aliyotimiza miaka 40, akapokewa kwa mizinga ya bunduki. Njiani alikuwa amepishana na makundi ya watu wanaokimbia kurudi mashariki. Alipokagua vibanda vya Boone hakupapenda, akachagua uwanda mwingine wa juu kidogo, ng'ambo ya ile chemchemi, ndipo ngome ikapangwa. Nasema ikapangwa, maana kuijenga ni jambo jingine. Kila mtu alikwenda kupima kiwanja chake na kupanda mahindi, na mwaka mmoja baadaye boma lilikuwa bado lina mianya. Shajara ya Henderson imejaa malalamiko: watu hawataki kulinda zamu, na wanaua nyati watatu, wanne, watano kisha nyama wanayobeba haifiki nusu ya mzigo wa farasi. Ndani ya wiki chache wawindaji walilazimika kwenda maili ishirini au thelathini kutafuta nyama.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la mwezi Mei. Henderson alitaka serikali, na jengo la kukutania halikuwepo. Palikuwa na mti mmoja, elmi mkubwa mno, ambao kwa maelezo yake watu mia wangeweza kukaa kivulini mwake mchana. Tarehe 23 Mei wajumbe wa makazi manne, Boonesborough, Harrodsburg, Boiling Springs na St. Asaph's, walikaa chini ya mti huo na katika siku chache wakapitisha sheria tisa: mahakama, wanamgambo, kukataza matusi na kuvunja Sabato, na kadhalika. Boone, ambaye wengi humdhania mtu wa porini tu, ndiye aliyeleta mswada wa kuhifadhi wanyama na mwingine wa kuboresha mbegu za farasi. Kwa jimbo ambalo leo linajulikana dunia nzima kwa farasi, huo ni mwanzo wa kukumbukwa. Kisha wakala aliyewawakilisha Wacherokee akakata bonge la udongo lenye majani yake, akamkabidhi Henderson mkononi, wote wawili wakiwa wamelishika, kama desturi ya zamani ya Kiingereza ya kukabidhi shamba. Bwana huyu alikuwa amevunja tangazo la mfalme, lakini udongo alihakikisha anaupokea kwa kanuni.

Kuhusu watu weusi, usiishie kwa Sam. Mtumwa aliyeitwa Monk, anayejulikana kwa jina la bwana wake kama Monk Estill, alijua kutengeneza baruti kwa shura inayopatikana mapangoni, na aliwatengenezea watu wa Boonesborough. Ngome isiyo na baruti ni uzio tu, kwa hiyo mtu huyu alikuwa muhimu kuliko wengi wenye vyeo. Mwaka 1782 alikamatwa na Wawyandot, taifa jingine la wenyeji, akawatia hofu kwa kuwaeleza kwamba kituo cha Estill, makazi ya bwana wake, kina ulinzi mkali kuliko uliokuwepo kweli. Katika mapigano yaliyofuata alijinasua, na akambeba mzungu aliyejeruhiwa mgongoni maili nyingi hadi nyumbani. Bwana wake James Estill alikufa vitani, mtoto wa bwana akampa Monk uhuru. Hutajwa kuwa mtumwa wa kwanza kuachwa huru Kentucky.

Na walikuwepo pande zote mbili. Septemba 1778 mkuu wa Washawnee Blackfish alikuja na wapiganaji zaidi ya mia nne na Wafaransa wachache kutoka Detroit, ngome ya Waingereza kaskazini, akaizingira Boonesborough kuanzia tarehe 7 hadi 18. Mkalimani wake alikuwa Pompey, mtu mweusi aliyeishi na Washawnee. Ndiye aliyesimama nje ya geti akiita na kupeleka maneno ya pande mbili. Aliuawa kwa risasi wakati wa mazingiwa. Ndani ya ngome aliuawa mtumwa aliyeitwa London, alipotoka usiku kupambana.

Mazingiwa hayo yana utata wake. Februari ya mwaka huo Boone na wenzake walikuwa wamekwenda kuchemsha chumvi Blue Licks, Blackfish akawakamata. Cornstalk alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia akiwa mikononi mwa wanajeshi wa Virginia, alikokwenda kwa amani, kwa hiyo Washawnee walikuwa na kisasi cha haki kabisa. Hata hivyo Blackfish alimfanya Boone mwanawe, akampa jina Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Juni Boone alitoroka, akakata maili 160 kwa siku nne kwenda kuonya ngome. Wakati wa mazingiwa, baba na mwana huyo wa kulea walikaa mezani wakaandika mapatano, yakavunjika palepale kwa ngumi na risasi. Washawnee wakachimba handaki kutoka ukingo wa mto kuelekea ukutani, mvua ikalibomoa. Walipoondoka, Richard Callaway, mmoja wa waasisi wenzake, alimshitaki Boone kwa usaliti. Mahakama ya kijeshi ilimwachia na kumpandisha cheo kuwa meja.

Sasa la kwako, mji ulikwenda wapi. Ulianza kufa kwa sababu zilezile zilizouzaa. Henderson alikuwa amepandisha bei ya ardhi kutoka shilingi 20 kwa ekari mia hadi 50, na watu wa Harrodsburg, waliofika kabla yake, hawakuona kwa nini wamlipe. Wakapeleka malalamiko Virginia, koloni lililodai kwamba Kentucky ni yake. Wabia nao walimtuma mjumbe kwenye Bunge la makoloni kule Philadelphia kuomba watambuliwe kama koloni jipya; hakusikilizwa. Desemba 1776 Virginia ikaifanya Kentucky wilaya yake, na Novemba 1778 bunge la Virginia likatamka kwamba ununuzi wa Sycamore Shoals ni batili. Angalia lakini ujanja wao: hawakusema ardhi irudi kwa wenyeji. Hati ilifutwa kwa mnunuzi, ikahesabika kwa Virginia. Henderson akapozwa kwa ekari 200,000 kwenye Mto Green, ambako leo kuna mji wenye jina lake.

Boone alikuwa ameahidiwa na kampuni ekari 2,000 kwa kazi ya njia. Kampuni ilipokufa, ahadi ikafa nayo. Akadai viwanja vingine chini ya sheria za Virginia, lakini vipimo vya nchi ile vililaliana kama makuti ya paa: kipande kimoja, madai matatu, manne. Kimoja baada ya kingine alishindwa mahakamani au alikiuza kulipa madeni. Mwaka 1799 akahamia Missouri, wakati huo nchi ya Wahispania, akafia huko mwaka 1820.

Boonesborough yenyewe ilipewa hati ya mji na Virginia Oktoba 1779, pamoja na kibali cha kivuko. Callaway aliuawa Machi iliyofuata akitengeneza mashua ya kivuko hicho. Vita vilipotulia walowezi hawakuwa na haja ya kubanana bondeni karibu na chumvi. Walifuata ardhi yenye rutuba, na rutuba ilikuwa upande wenu. Lexington ilikuwa imepata jina tangu Juni 1775, wawindaji waliokuwa wamepiga kambi hapo walipopata habari kwamba vita vya makoloni dhidi ya Uingereza vimeanza katika Lexington ya Massachusetts. Makazi ya kudumu yakafuata mwaka 1779. Upande wa kusini, Richmond ikawa makao makuu ya wilaya ya Madison mwaka 1798. Boonesborough haikupata mahakama wala barabara kuu, na miaka ya mwanzo ya karne ya 19 mji ukawa mashamba.

Ngome aliyoiona binti ni ya kujengwa upya, ya miaka ya 1970, na imewekwa juu kilimani. Mkirudi, teremkeni hadi bondeni karibu na mto, mahali ilipokuwa ile ya kwanza. Na kwenye karatasi ya shule, penye nafasi ya jina la mwanzilishi, aandike Boone kama mwalimu wake anavyotaka, kisha pembeni aongeze Henderson, Monk, na Washawnee ambao hawakuuza.